Mashine Yenye Majina Mawili

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya vitambulisho vya uraia hapa Ngara, ambako mto ndio mpaka wa nchi. Nyuma ya dirisha, karani alikuwa akimsimulia mwenzake habari aliyoisoma kwenye simu: mashine mpya ya gemu imetoka, na kumbe wakati wote ilipokuwa ikitengenezwa iliitwa jina lingine kabisa, ili washindani wasiishtukie.

"Wana akili hao!" akasema, akipiga meza kwa kofi.

Ikafika zamu ya bibi mmoja wa Bukiriro. Karani akapokea karatasi zake bila hata shikamoo.

"Barua ya kijiji inakuita Takataka, cheti cha ubatizo kina jina lingine. Unamficha nani?"

"Kifo, mwanangu," bibi akajibu taratibu. "Wakubwa zangu watatu walikufa wachanga. Mimi wakaniita Takataka ili kifo kisinitamani."

Karani akamkagua kutoka kilemba hadi kandambili.

"Babu yako alizaliwa upande gani wa mto?"

Bibi akarudishwa akalete mashahidi.

Basi nami nimeingiwa na shaka. Mashine ile ikifika Ngara, isimamishwe pale dirishani, iulizwe babu yake alizaliwa upande gani wa mto.