Ratli Mia na Ishirini

Mjomba wangu Anselmo alifariki mwaka huu wa 1958, juma la pili la Kwaresima, nyumbani kwake Mtua, akiwa na miaka arobaini na moja hivi. Mama yangu Lusiana, ambaye ni dada yake, ameniomba niandike jinsi ilivyokuwa, kwa sababu watu wanasimulia vibaya. Wengine wanasema alirogwa, wengine wanasema mkewe alimnyima chakula. Haikuwa hivyo.

Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, na kwetu Wamwera mjomba ndiye anayebeba watoto wa dada yake. Mwaka 1948, matrekta yalipokuwa yakifyeka pori la Nachingwea kwa ajili ya mashamba ya karanga, mjomba alikwenda kwa kontrakta mmoja aliyekuwa akiandikisha watu wa kung'oa visiki. Kabla ya kuandikwa, kila mtu alipandishwa kwenye mizani ya magunia. Aliyekuwa na uzito chini ya ratli mia na ishirini alirudishwa. Mjomba alikuwa mfupi, mwembamba wa kuzaliwa. Gogo la kubebwa na watu wawili alilibeba peke yake, lakini mizani haikujua habari za gogo. Ilisema mia na nane.

Karani wa mizani, kijana aitwaye Awadhi, alimtazama mbele ya watu wote akasema, "Wewe bwana rudi kwa mama yako, hujamaliza kunyonya."

Watu walicheka. Mjomba naye alicheka, kisha akauliza, "Mnaandikisha tena lini?"

"Baada ya wiki tatu."

"Basi nitakuwa nimemaliza."

Alikuja moja kwa moja nyumbani kwetu. "Dada," alimwambia mama, "nilishe kama mwali aliyewekwa ndani."

Mama alidhani ni utani. Haukuwa utani. Kwa wiki tatu mjomba hakushika jembe. Alikaa kivulini, akala ugali kabla ya jua kuchomoza, akala tena saa nne, na mchana, na jioni. Alikula ming'oko, vile viazi vya porini, na viazi vitamu, mchicha uliojaa karanga, akatafuna miwa, akanywa togwa iliyotiwa asali badala ya maji. Alipopanda mizani mara ya pili ilisoma mia na ishirini na mbili.

Awadhi aliitazama, akamtazama yeye. "Yule mdogo wako niliyemrudisha, hajambo?"

"Hajambo. Nimemla na ugali."

Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Miezi sita baadaye alirudi nyumbani na ratli mia na kumi, mashavu yameingia ndani. Homa na visiki vilikuwa vimekula vyote alivyokuwa amevila. Akapumzika mwezi, akaanza tena kulishwa. Ndivyo ilivyokuwa, kupanda na kushuka. Mpango wa karanga ulipokufa alikwenda kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, na huko nako walipima, na Awadhi alikuwa amehamia kwa mwandikishaji wao. Kufikia mwaka 1955 alikuwa amenenepa mara tisa na kukonda mara tisa. Vijana wenzake walikuja kwetu kujifunza, wakajipanga barazani na bakuli zao, na mama akawa anapika kama yuko kambini. Mjomba aliwasimamia kama padri anavyosimamia mafundisho. "Usitembee ovyo, wewe! Unamwaga ratli njiani."

Ada yangu ya sekondari, madaftari na blanketi la bwenini, vyote vilitoka katika ratli hizo. Nilijua hivyo tangu mwanzo. Nilicheka pamoja na wengine.

Juni 1955 nilikuwa mwalimu Ruangwa, nikaja nyumbani likizo. Mavuno yalikuwa mazuri, kila mtu Mtua amejaa uso. Nilimkuta mjomba barazani na miwa miguuni, na kibuyu cha togwa mkononi. Shati lilikuwa likimning'inia. Nikadhani ametoka kazini jana.

"Ametoka lini?" nilimuuliza mkewe, Kornelia.

"Mwezi wa tatu," alisema taratibu. "Anakula sasa hii wiki ya tano. Anakula kuliko wakati wowote. Na maji, mwanangu, mtungi haufiki jioni. Anakunywa, anatoka nje, anakunywa, anatoka nje."

"Mnanisengenya?" mjomba aliita kutoka barazani. "Mwalimu, njoo hapa. Mwambie huyu mwanamke aongeze asali. Mwili umekuwa mkaidi tu. Bado siku nne waandikishaji waje."

Kornelia alinipeleka nyuma ya nyumba. Pale mjomba alipozoea kwenda haja ndogo, sisimizi walikuwa wamejaa, msafara mmoja mweusi ukitoka kwenye ukuta. Shuleni mwalimu wetu wa elimu ya mwili alikuwa ametueleza jambo hilo, nami nilikuwa nimeliandika daftarini na kulisahau. Nilirudi barazani.

Nilimweleza mjomba polepole. Nilimwambia kuna ugonjwa ambao sukari ya chakula haikai mwilini, inatoka kwenye mkojo, mtu anakula na huku anakauka. Nilimwambia kila muwa anaotafuna unamwongezea.

"Kwa hiyo dawa ya kukonda ni kutokula," alisema. "Ndiyo mliyosoma miaka yote hiyo?"

"Mjomba, twende hospitali ya misheni."

"Tutakwenda. Nikishaandikwa."

Nilisali sana siku hizo nne, na mama alisali. Mjomba alizidi kunywa togwa. Siku ya kupimwa nilimsindikiza hadi Nachingwea mjini, na njiani tulipumzika mara sita, naye ni mtu ambaye zamani alikuwa akiniacha nyuma akiwa na mzigo kichwani.

Awadhi alikuwa pale pale kwenye mizani, sasa na mvi mbili tatu. "Ratli mia na ishirini amefika!" alipiga kelele. "Panda, bwana, panda. Wewe sikupimi, nakusalimia tu."

Mjomba alipanda. Ikasoma mia na mbili.

Awadhi alisogeza jiwe la mizani, akalirudisha, akalisogeza tena. Kisha akainama karibu na kitabu chake ili waliopanga foleni wasisikie. "Anselmo. Nimekuandika mara tisa. Hii nayo naandika mia na ishirini. Nani ataniuliza?"

Nilijua kwamba akiandikwa, lori lingeondoka naye alasiri ile ile kwenda mkongeni, na asingerudi. Nilijua pia kwamba Awadhi alitoa alichokuwa nacho kwa moyo safi.

Mjomba alijishika kwenye chuma cha mizani. Halafu akashuka.

"Usiandike," alisema. "Ratli zangu zote nilizokuletea nilizila kweli. Sijawahi kukuibia hata moja." Akanigeukia. "Hiyo hospitali iko wapi?"

Kule misheni muuguzi alichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya buluu, nao ukageuka rangi ya tofali la kuchoma. Daktari aliuliza maswali mengi, na mjomba akamsimulia zile mara tisa kwa mpangilio, kama mtu anayetaja wanawe. Daktari hakucheka.

"Siwezi kuapa kwamba hilo ndilo lililoleta kisukari," alisema. "Wako wanaougua ambao hawakufanya hivyo, na wako waliofanya hivyo ni wazima. Lakini ulipokuwa unanenepa kivulini uliongeza mafuta. Ulipokuwa unakonda kazini ulipoteza nyama. Kila mara ulirudi na mafuta zaidi na nyama kidogo. Mwili unachoka na mambo hayo."

"Sasa unataka niwe na ratli ngapi?"

"Zile zile. Kila mwezi uje na zile zile."

Nilimwona mjomba akifikiri. Kupanda alikujua, kushuka alikujua. Kukaa mahali pamoja kulikuwa jambo geni kwake.

Sindano za kisukari zilipatikana miezi mingine, miezi mingine hazikupatikana. Kilichobaki ni chakula. Kornelia alimpimia ugali kwa kikombe kimoja kile kile, asubuhi na jioni, na mboga nyingi, bila asali, bila muwa. Majirani waliona, wakasema mwanamke huyu anamwua mume kwa njaa. Hata mama yangu alilala siku moja bila kusema na Kornelia. Mjomba ndiye aliyetoka barazani akawaambia waliopita, "Sikilizeni. Sahani yangu naipanga mimi. Mwenye neno aje kwangu, asimtukane mke wangu." Kila mwezi alitembea hadi misheni. Mia na sita. Mia na saba. Mia na sita. Alikuwa akinitumia barua Ruangwa yenye namba tu na salamu. Alipata nguvu ya kulima tena, akalima ufuta ekari moja.

Mwaka jana mwishoni, kijana aitwaye Saburi alikuja na bakuli lake, kama walivyozoea zamani. Mama alikwishaanza kuwasha moto. Mjomba alimwambia auzime.

"Kapimwe ulivyo," alimwambia Saburi. "Wakikukataa, njoo tulime."

"Lakini mzee, wewe mwenyewe..."

"Mimi ndiyo nakwambia."

Walimkataa. Saburi alirudi amenuna, na mjomba akampa jembe.

Januari mjomba alikanyaga kisiki shambani. Kidonda hakikupona. Sista alijitahidi, na daktari alisema ukweli bila kuuzungusha. Alipakwa mafuta matakatifu akiwa na fahamu zake, akamwomba Kornelia msamaha kwa maneno ya majirani, jambo ambalo halikuwa kosa lake.

Nimejiuliza mbele ya Mungu kama kusoma kwangu ndiko kulikomwua. Mama anasema niache, yeye ndiye aliyepika. Kornelia anasema tuache wote wawili, tuje shambani, ufuta unataka kupaliliwa. Kesho asubuhi baada ya Misa tutakwenda, yeye, mama, Saburi na mimi.