Chupa Isiyokuwa na Lebo

Nakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, kichwa kimejaa upepo. Kazi yangu ilikuwa kukusanya wale wadudu wembamba wanaotembea juu ya maji bila kuzama. Asubuhi niliwatoa mtoni Kitengela, mchana nikawatoa wengine kwenye kijito cha juu ya Kiserian. Jua lilikuwa kali, nami nilitaka kwenda nyumbani. Nikawatia wote katika chupa moja ya spiriti. Lebo? Nilijiambia nitakumbuka.

Kesho yake Mama Nduku, aliyetufundisha kazi, akawatazama kwa darubini muda mrefu. Hakuwa na digrii, lakini aliwajua wadudu wa maji kuliko sisi wote. Madume watatu walikuwa na jino kwenye mguu wa mbele, na jino hilo halikuwa katika kitabu chochote tulichokuwa nacho.

"Huyu bado hana jina," akasema. "Ulimtoa wapi?"

"Kitengela, Mama. Ama Kiserian."

"Ama?"

Nikaigeuza chupa, kana kwamba lebo ingejitokeza.

"Mdudu hakuwa na jina. Sasa umemnyima hata kwao. Niko na kabati limejaa chupa bila lebo za vijana kama wewe. Rudi mtoni."

Nilikasirika. Nikataka tuandike Kitengela, yaishe. Akakataa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama Kitengela miezi mingi nisipate kitu. Kisha ukame ukaja, kijito cha Kiserian kikabaki matope na nyayo za ng'ombe, nikaamini nimempoteza. Mvua iliporudi ndipo nilipompata, dume na jike, kwenye kidimbwi chini ya mwamba, huko huko Kiserian. Wa Kitengela hakuwa hata kidogo.

Maelezo ya mdudu huyo yalipochapishwa, Mama Nduku alikuwa amestaafu, yuko kwao Machakos. Nikampelekea nakala. Aliruka jina langu, akaweka kidole kwenye mstari wa mahali na tarehe, akausoma mara mbili.

"Sasa kaa unywe chai," akasema.

Nanyi leo mnaniletea vichupa bila maandishi, mkisema, "Nitakumbuka, Mzee." Mnanichosha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu vivyo hivyo. Andika papo hapo, mikono ikiwa bado na maji. Usipojua, sema hujui, usizibe pengo kwa kubahatisha. Mungu akupe macho ya kuona kilicho kidogo, mwanangu, na subira ya kukiandika kama kilivyo.