Mshono wa Pipa la Mama Atu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ndogo pale Mwanjelwa, Mbeya, Fundi Mkuu hakunipa moto. Alinipa brashi ya waya na kipande cha msasa, akanionyesha rundo la ndoo mbovu.

"Sugua mpaka chuma king'ae. Shaba haishiki penye uchafu."

Nilisugua miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kushika gesi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuziba mishono, yaani pale kingo mbili za chuma zilipokunjwa pamoja. Mshono ukivuja, unasafisha, unapasha moto, unayeyushia waya wa shaba. Lehemu ya risasi hatukuigusa kwenye chombo cha kupikia, kwa kuwa risasi ni sumu.

Nilikuwa mwaka wa pili Mama Atu alipoleta pipa lake la kupikia komoni, pombe ya mahindi na ulezi.

"Fundi, pipa linakojoa."

"Linakojoa wapi, mama?"

"Kwenye kitako. Ulitaka likojolee wapi?"

Alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amemzika mumewe, na Jumamosi ile ndugu walikuwa wanakuja kumaliza matanga. Kwao, pombe ya siku hiyo aliipika mjane mwenyewe, kwenye pipa lake.

Wapika pombe wana mbinu yao. Pipa likivuja, wanakandika uji mzito wa ulezi kwenye mshono, moto unaukausha, na wanapata siku mbili tatu. Mama Atu alikuwa amekandika mara nyingi. Mimi nilisugua nje mpaka pakang'aa, lakini sikufungua mkunjo kutoa uji ulioungulia ndani. Nilikuwa na haraka. Nikachomelea, nikajaza maji ya baridi, hayakudondoka. Nikamwambia, "Liko sawa, mama."

Jumamosi asubuhi mshono uliachia juu ya moto. Fundi Mkuu alipigiwa simu, akasikiliza, akanitazama.

"Pombe yote imemwagikia motoni. Shemeji yake Mama Atu anasema marehemu amekataa kuagwa, kwamba mjane ana jambo alilomfanyia." Akairudisha simu mfukoni. "Tunaweza kusema chuma kilichoka."

"Hakikuchoka, Mzee. Sikufungua mkunjo."

"Basi nenda kawaambie hivyo hivyo. Beba na mtungi wa gesi."

Nilimkuta Mama Atu amekaa chini peke yake. Hakuna aliyekaa karibu naye. Shemeji yake akaniuliza mimi ni nani.

"Fundi wa pipa."

Nikafungua mkunjo kwa patasi mbele yao, nikatoa kipande cheusi, nikamwekea shemeji kiganjani.

"Kilichovujisha ni hiki. Marehemu hahusiki, mama naye hahusiki. Ni uzembe wangu."

Alikivunja, akakinusa. "Ulezi," akasema polepole.

Bibi mmoja akapiga makofi. "Ee, jamani! Tumemnunia mwenzetu tangu asubuhi kwa sababu ya uji!"

Watu wakacheka. Mama Atu hakucheka. Alilia, na wanawake wakasogea kukaa naye.

Nilisafisha upya, nikachomelea. Safari hii nilipaka chaki mshono wote kwa nje, kisha nikachemsha maji ndani. Panapovuja, chaki hulowa na kugeuka kijivu. Yangu ilibaki nyeupe. Pombe ilipikwa tena, na wiki iliyofuata matanga yaliisha kwa heshima.

Baadaye nilihamia Kilolo, chini ya Msimamizi mmoja mkali. Alipoona chaki yangu alinitania kila asubuhi kwa salamu ya kwao: "Kamwene, Mwalimu! Leo unafundisha darasa la ngapi?" Nilimwitikia, nikaendelea kupaka. Nilipaka hivyo mpaka macho yalipochoka, nikastaafu.

Ninyi mnaoanza sasa mna mashine za umeme, mnamaliza kwa dakika chache kazi iliyotuchukua nusu siku. Ni vizuri. Lakini fungueni mkunjo. Mwenye chombo ndiye atakayeulizwa mnapokuwa hampo.

Mwaka jana mke wangu alifariki. Siku chache kabla ya kumaliza matanga, Mama Atu aliteremka kwenye basi kutoka Mbeya, mzee sasa, na pipa lake likashushwa kutoka juu. Hakunipa pole kwanza. Alifungua pindo la khanga, akatoa kipande cha chaki, akaniwekea mkononi.

"Lipime, mwanangu."

Nikapaka. Tukawasha moto, tukakaa wawili, tukitazama kitako cha pipa mpaka maji yakachemka. Chaki ilibaki nyeupe.

"Haya," akasema, "sasa tumpikie."