Buti Zako Juu ya Picha ya Watu

Kuna siku moja ambayo haijawahi kunitoka, mwanangu, na jana mezani umenirudisha mle mle. Kaa chini, Eliya. Hiyo simu iweke pembeni. Mimi ni mama yako mkubwa, mama yako anajua ninachotaka kusema, na leo nitasema mpaka nimalize.

Jana ulirudi kutoka kazini kwenu, kwenye baki, ile pikapu ya kuhamisha vyombo, unacheka tangu mlangoni. Ukatuambia mmehamisha familia moja ya Kihindi pale Rosettenville, na kwamba walikuwa na picha kubwa ya mungu wao, yenye dhahabu na vito, nzito kama mlango. Ukasema mliilaza chali ndani ya baki, wewe ukakalia jiko, buti zako ukaziweka juu ya uso wa yule mungu, mwenzako akakupiga picha. Ukaiweka kwenye status. Halafu ukatusimulia kwamba bibi mwenye picha alikuwa amesimama getini, ameziba mdomo kwa upindo wa sari yake. Hapo ndipo ulipocheka zaidi. Ebo! Bibi wa watu analia, wewe unacheka nini?

Mimi sikula tena. Uliona nimesukuma sahani, ukadhani ugali umepoa.

Sasa sikiliza. Nilipofika Johannesburg kutoka Uvira, Kongo, nilikuwa msichana, Kiingereza sikijui, nikapokelewa na shangazi yangu Adela. Alikuwa anaishi Berea, kwenye fleti ambayo familia kadhaa ziligawana kwa mapazia. Shangazi alikuwa msusi, na ndiye aliyeongoza akina mama wa maombi. Mwanamke wa kufunga na kusali, hacheki na dhambi hata kidogo. Kazi nikapata kwa Anti Saroja, mjane wa Kitamil, ambaye alikuwa anachora miungu yao kwenye gereji nyuma ya nyumba yake. Wazee wake walikuja na kazi hiyo kutoka kusini mwa India, na yeye alifundishwa na baba yake.

Wewe unadhani picha ile inachapwa dukani. Loo! Unachukua ubao, unaubandika kitambaa kwa gundi. Juu yake unapaka unga wa chaki uliokorogwa na gundi, ukikauka unausugua kwa msasa mpaka uwe laini kama sahani. Anti anachora kwa penseli. Halafu ule uji wa chaki, mzito, unaumwaga kidogo kidogo mpaka taji na mikufu inyanyuke, uiguse kwa kidole. Kabla haujakauka unapachika vito vya kioo, kimoja kimoja. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Baadaye inakuja dhahabu, karatasi nyembamba hivi kwamba ukipumua vibaya inakunjika, kisha rangi. Uso ni mwisho. Na mwisho wa mwisho kabisa ni macho. Mpaka macho yachorwe, Anti alikuwa akiniambia, ule ni ubao na chaki. Yakishachorwa, hapo mungu wao anaona.

Na pale gerejini hakuna aliyeingia na viatu. Hata mtu wa kusoma mita ya umeme alivua.

Mwaka ule kulikuwa na mama mmoja ambaye alikuwa amezika watoto, mmoja baada ya mwingine. Safari hii akajifungua mtoto akakaa. Akaweka nadhiri kwamba siku ya kumpa jina, juu ya kitanda chake kitundikwe picha ya mungu wao Krishna akiwa mtoto, yule mnono mwenye chungu cha siagi. Kila mara mama yule alikuwa akipita kuangalia kazi imefika wapi, mtoto mgongoni, anasimama mlangoni peku, anatazama tu. Mimi nikawa naipachika ile mikufu kama ya mwanangu.

Siku moja kwenye maombi nikaeleza kazi yangu, kwa furaha zangu. Mchungaji wetu, kijana aliyejipa uchungaji mwenyewe, akaniuliza gereji iko wapi. Kumbe anapanga.

Asubuhi moja Anti ameenda dukani, niko peke yangu, geti likasukumwa. Mchungaji, na vijana wake wawili, na galoni la maji. Hodi hawakupiga. Wakaingia na viatu. Nikasimama mbele ya ubao, nikapiga kelele, nikawaambia maji hapana, chaki haijakauka, maji hapana! Nikasukumwa pembeni kama kiti. Akayamwaga yote huku anakemea mapepo. Mwanangu, ule uji wa chaki ukivimba ni kama mkate kwenye chai. Taji likateremka. Mikufu ikateremka, na vito vyangu vikaanguka sakafuni, tik, tik, vikikanyagwa. Mchungaji akafurahi sana, akasema, "Mmeona? Shetani anayeyuka!"

Eti shetani! Chaki na gundi!

Anti aliporudi hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kuokota vito kwenye maji meupe. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. "Nenda nyumbani," akaniambia.

Nilimweleza Shangazi nikilia. Nilidhani ataniambia niache kazi, kwa sababu picha zile hakuzipenda hata siku moja, na hilo hakulificha. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa anasuka kichwa cha mteja. Akamaliza msuko, akafunga saluni, akaenda kwa mchungaji. Mimi nyuma yake.

Akamkuta na wale vijana, wanasimuliana ushindi wao. Akawaambia, "Kule kwetu, waliotuvunjia mlango walituita uchafu. Hapa hapa, waliotuvunjia spaza, viduka vyetu vya mtaani, walituita uchafu. Mimi nimekimbia watu wa namna hiyo kutoka nchi mpaka nchi. Leo naambiwa nakaa nao chumba kimoja."

Mchungaji akasema, "Mama Adela, ile ni sanamu."

"Najua ni sanamu! Biblia nimeanza kuisoma wewe hujaota meno. Mimi nakuuliza habari ya mlango wa mjane. Nani alikufungulia?"

Basi Shangazi akasema kesho tunakwenda wote, na asiyekwenda asitafute tena akina mama wa kumpikia wala wa kumwitikia amina.

Kesho yake tukaenda. Pale mlangoni mwa gereji Shangazi akainama avue viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama saluni, kamba hazifunguki, mimi nikataka kupiga magoti nimfungulie, akakataa. Mchungaji akamnong'oneza, "Mama, unaivulia viatu sanamu?"

"Namvulia mwenye nyumba," Shangazi akasema, kwa sauti. "Vua."

Akavua. Soksi ina tundu, kidole gumba kinachungulia nje. Eish, ningecheka kama si hasira.

Shangazi akaomba radhi, mimi nikitafsiri kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Mchungaji naye akaomba, akitazama sakafu. Anti hakutabasamu. Chai hakutoa. Akasema, "Mshukuru macho nilikuwa bado sijayachora. Angekuwa na macho, angewaona." Kisha akachukua vipande vya msasa, akampa mchungaji kimoja, na wale vijana vyao. "Mmeharibu. Sugueni mpaka ubao uwe safi."

Wakasugua siku nzima, chini, peku, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Shangazi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiwasimamia. Nawaambia watu, yale ndiyo mahubiri pekee ya yule kijana ambayo nayakumbuka.

Lakini usidhani mambo yaliisha hapo, watu wakakumbatiana. Siku ya kumpa mtoto jina ikafika, ukutani hakuna kitu. Mama yule alimshika mwanawe kwa nguvu kama mtu anayesubiri kunyang'anywa. Nadhiri yake ilikuwa haijatimia, na yeye hakuwa amekosa lolote. Hofu ile tulimtia sisi, watu wa maombi. Msasa unasugua ubao, Eliya. Usingizi ambao mama yule aliukosa haurudishwi na msasa.

Picha ilikuja kukamilika baadaye. Siku ya macho nilikuwepo. Anti alioga, akasali, akashika brashi ya nywele chache, na mimi nikabana pumzi. Jicho la kwanza, la pili. Akakaa nyuma. Yule mama alipopokea picha alilia mpaka mtoto akaanza kulia naye, ndipo akacheka.

Sijawa Mhindu mimi. Naimba kwaya mpaka leo, na Mungu wangu unamjua. Lakini nisikusikie tena kwenye nyumba hii unaniambia "ilikuwa utani tu, mama mkubwa." Yule kijana mwenye galoni angalau alidhani anapigana na shetani. Wewe ulikuwa unatafuta nini? Watu wakubonyezee kidole kwenye simu? Wewe, ambaye ulizaliwa hapa kwa sababu sisi tulifukuzwa kule? Aibu naona mimi, wewe huoni!

Basi hivi ndivyo utakavyofanya. Ile picha ya buti ifute sasa hivi, nikiona. Kesho uende kwa yule bibi, nyumba unaijua kwa kuwa vyombo umevishusha mwenyewe. Upige hodi. Asipokufungulia, urudi siku nyingine, na nyingine. Akikufungulia, useme ulichofanya kwa mdomo wako, usimsingizie mwenzako, na akikupa kazi uifanye. Akikutukana, pokea. Na tangu leo, kitu ambacho mtu anakipigia magoti, hata kama wewe hukipigii, ukibebe kwa mikono miwili. Mlango wa mtu ni mlango wa mtu, awe anasali kwa nani.

Mungu wangu akulinde barabarani na hiyo baki. Akupe mikono ya kubebea vya watu visivunjike, na siku utakapohama wewe na wanao, uwapate watu watakaobeba vyako hivyo hivyo. Amina.

Haya, inuka, chai yako iko jikoni. Na kesho, buti zibaki nje ya mlango. Ile picha uliyoikanyaga wewe ilikuwa imekamilika, Eliya. Kwa yule bibi ina macho, na imekuona. Nenda ikuone tena, safari hii ukiwa peku.