Shikamoo ya Atupele

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha hunirudisha Mbozi, wenzangu, hata nikiwa sokoni Tunduma katikati ya moshi wa malori. Nikiinusa tu, namwona mdogo wangu Atupele amechuchumaa kando ya kichanja cha kuanikia, anachambua kahawa huku akiimba wimbo wake usio na maneno.

Atupele hakutazama watu machoni. Ukimwita haitiki, ukimgusa anapiga kelele. Kwa nini, hakuna aliyejua, ila kila mtu alikuwa na jina la kumbandika. Majirani walimwita zezeta. Katekista alisema ni malaika. Mama alisema anaumwa, nami nilishangaa, maana homa sikuwahi kumwona nayo. Aliyenivuruga kabisa ni baba. Atupele alirithi jina la bibi mzaa baba, na kwetu mtoto huheshimiwa kama mwenye jina. Basi kila asubuhi baba, mwanamume mzima na ndevu zake, aliinama mbele ya katoto kale: “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu,” kalijibu bila kuinua macho. Maneno mengine hatukuyasikia kwake. Wageni wakiwapo, jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mwalimu mmoja mgeni kutoka pwani alipita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto wa kuanza shule. Mimi nilikubaliwa. Akauliza, “Na yule pale?”

“Yule mwache, mwalimu, anaumwa,” mama akasema.

Jirani yetu Mama Yusta hakukubali kupitwa. “Anaumwa nini? Zezeta huyo! Atawavurugia darasa.”

Mwalimu akaanza kuondoka. Roho iliniuma. Nikienda shule peke yangu, nani angebaki kumkinga na watoto wanaomrushia mawe?

Baba akatokea na jembe begani. “Mwalimu, anayesemwa hapo ni mama yangu.”

Maskini, mwalimu aligeuka huku na huku kumtafuta kikongwe! Hakumwona ila Atupele na kahawa zake. Akamtazama baba, baba hacheki. Sijui ni adabu za kwao au ni lile jembe, lakini alivua kofia akainama. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Mama Yusta alicheka hadi akashika mbavu. Mwalimu hakucheka. “Kumbe anasikia,” alisema. “Jumatatu waje wote wawili.”

Tukaenda. Mwalimu akawa anamwamkia kila asubuhi mbele ya darasa, na uzezeta ukafia hapo hapo. Nani amtukane mtu anayeamkiwa na mwalimu?

Juzijuzi mjukuu wangu, ambaye ni nesi, alinipa jina la hali ile: usonji. Akanionya nisiseme mgonjwa, niseme mtu mwenye usonji. Rafiki yake, naye anao, akasema la, muulizeni kila mtu anapendaje kuitwa. Nikachanganyikiwa upya! Ila baba ndiyo kwanza nikamwelewa. Neno la hali ile hakuwa nalo, akachagua linalomlazimu mtu kuinama kwanza.

Nikapanda gari hadi Mbozi kumuuliza Atupele mwenyewe. Nilimkuta kichanjani, kichwa cheupe kwa mvi.

“Atupele, unapenda uitwe nani?”

Akaendelea kuchambua kahawa. Nikarudia, akaanza wimbo wake. Basi nikainama, magoti yakilia, nikasema nilichokionea haya tangu utotoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba,” akasema, “mjukuu wangu.”

Mjukuu! Kumbe miaka yote alijua mimi ni nani kwake. Alikuwa akisubiri tu nimwamkie.