Tangu Alipolaza Majani

Nilipokuwa mtoto nilipelekwa Lituhi kwa mjomba, nikafukuze kunguru wasile usipa. Usipa ni dagaa wa ziwa letu, wanaanikwa juani mpaka wakauke. Mimi mtoto wa milimani, hata mawimbi nilikuwa nayaogopa. Nikamuuliza mjomba, nitakaa hapa mpaka saa ngapi? Akacheka. "Saa ya nini, mpwa wangu? Kunja mmoja. Akivunjika, kazi imekwisha." Basi nikawa nakunja mmoja mmoja, na kila niliyemkunja naishia kumla, hadi mjomba akasema afadhali kunguru.

Sijui kwa nini nimeanza na usipa. Nilitaka kusema habari za Kiingereza. Lakini labda ni yaleyale, maana ndivyo tulivyolelewa: muda unaujua kwa kukitazama kitu chenyewe. Shule nilisoma kidogo, nikaiacha msimu wa kuchuma kahawa, nayo haikunifuata.

Mwanangu nilikuwa naye mmoja tu. Alikwenda nchi za kusini kutafuta kazi, akaoa hukohuko. Sasa, kwetu Umatengoni shamba la ngolo ni kazi ya watu wawili. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba, mteremko wote. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba shimo katikati ya kila mraba, na udongo wake anafunika majani. Mwanangu aliyalaza nyuma ya nyumba, vizuri kabisa, halafu akaondoka. Mama yake akakataa kuchimba. "Aliyelaza aje anionyeshe pa kuanzia," akasema. Kila mwaka alisema hivyo, mpaka akafariki. Habari za msiba mwanangu alizipata, kufika hakufika. Na mimi kile kipande sikukigusa, kikaota msitu.

Nikipiga simu, anapokea mkamwana. Yeye anajua Kiingereza tu, mimi sijui hata salamu yake. Tunapumuliana kwenye simu, basi, tunakata. Mwishowe nikabeba mkungu wa ndizi hadi Mapera, kwa mwalimu mmoja mstaafu.

"Unataka kumwambia nini?" akaniuliza.

"Kwamba namsubiri mume wake."

"Kwa muda gani?"

"Mrefu, Mwalimu."

"Mzee mwenzangu, mrefu ni wa kamba. Ukitaja urefu wa muda, miaka kadhaa, unasema *for*. Ukitaja ulipoanzia, unasema *since*. Na mbele yake uweke *have been waiting*, ajue bado unasubiri, hujachoka."

"Nimechoka."

"Umechoka. Lakini bado unasubiri?"

"Bado."

"Basi *have been*."

Miaka sikuwa nimeihesabu, ila mwanzo niliujua. Nikamwambia, tangu alipolaza majani. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Huyo mama atadhani ameolewa na ng'ombe!" Lakini alinifundisha, akanirudisha nyuma kila nilipokosea. Njia nzima nilikuwa naisema ile sentensi. Jirani akanisalimu, nikamjibu nayo. Akaniuliza kama nimekunywa.

Nilipopiga simu niliisema yote, polepole.  Nikamsikia mkamwana anamwita mtu, anamrudishia maneno yangu yaleyale. Halafu sauti ya mwanangu: "Baba? Majani gani?"

"Yale yako."

"Mama hakuchimba?"

"Hakuchimba."

Nilisikia anavuta pumzi. Simu ikakatika, sijui yenyewe, sijui ni yeye.

Alikuja mwisho wa mvua, peke yake, akashuka basi pale Kitai. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Tukasalimiana kama watu waliokutana ofisini. Nilikuwa na maneno mengi, tena kwa Kimatengo, lugha ambayo hainilazimu kwenda kwa mwalimu.  Nikamwambia aingie ndani ale.

Asubuhi akaenda kwenye kaburi la mama yake, akakaa. Aliporudi akachukua fyekeo, akaingia kwenye kile kipande. Alikifyeka chote, akaacha majani yakauke jua likiwepo, kisha akayalaza, mraba kwa mraba. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikimtazama. Mkono haukuwa umesahau. Sikuomba aharakishe, ningekuwa na uwezo ningemwongezea mteremko.

Alipomaliza alisimama pale chini, shamba lote liko mbele yake limelala tayari. Akauliza, "Sasa nani atachimba, baba?"

"Tutatafuta mtu," nikasema.

Akanawa mikono. Akavaa viatu, akafunga kamba bila haraka. "Nafika Kitai mara moja," akasema. Nikamwambia asichelewe, ugali unapoa. Akaitikia. Akapita kati ya mibuni, begani ana koti lake, akatokea barabarani, akakata kona. Hakurudi.