Sifuri Thelathini Nilizoziacha Njiani

Mwaka wangu wa mwisho shuleni Kindu, wakati wa Wabelgiji, nilijiona nimemaliza elimu ya dunia. Padri aliyetufundisha fizikia alitupa hesabu: kiini cha atomu, kile kipunje cha katikati, kina msongamano gani? Yaani, mita moja ya ujazo ya kiini kitupu ingekuwa na kilo ngapi?

Vipimo alivyotupa vilikuwa vya kizio kidogo mno: mita iliyogawanywa kwa moja yenye sifuri kumi na tano. Nilitafuta ujazo, nikaugeuza kuwa wa mita kwa sifuri hizo kumi na tano, nikapata kitu chepesi kuliko sufi, chepesi kuliko hata hewa. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nilifurahi.

Jumamosi hiyo nilikwenda kupokea jibu la posa. Baba wa msichana niliyempenda mpaka chakula kinanishinda alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wapakizi pale stesheni. Ningeweza kusalimia na kunyamaza. Lakini nilikuwa nimevaa kaptula ya pasi, na kaptula ile ilinitia kiburi. Nikamweleza kwamba katikati ya kila kitu, hata reli ile, hamna uzito wowote.

Alitazama mifuko iliyosubiri behewa: mikubwa ya mpunga wa Kibombo, na midogo kama mto wa kulalia, iliyotoka Punia.

"Inua moja, ile unataka," akasema.

Mjanja mimi, nikachagua mdogo. Sikujua kwamba kila mpakizi mgeni hupimwa hivyo, na kwamba ndani yake mlikuwa na mawe ya madini ya bati, mazito kama chuma. Nilivuta, nikavuta tena, kaptula ikapasuka nyuma. Mfuko haukusogea. Wapakizi waliacha kazi ili wacheke vizuri.

"Nimekosa, Baba," nikasema nikihema.

"Kadogo njo kazito," akajibu, kwa maana kidogo ndicho kizito. "Sasa ile hesabu ulifanya namna gani?"

Nikamweleza hatua kwa hatua. Hakuwahi kukaa darasani, ila alikuwa amejaza mabehewa kwa makasha maisha yake yote.

"Urefu uligeuza. Upana na kimo ulibakishia nani?"

Masikio yaliniwaka. Sifuri kumi na tano zilitakiwa mara tatu, mara moja kwa kila upande. Thelathini nilikuwa nimeziacha njiani. Nilipozirudisha, kiini cha kujaza kisanduku cha kiberiti kilifika tani bilioni tano na ushee. Mabehewa yote ya Kongo yasingekiweza.



"Binti nakupa," kapita akasema. "Mwingine alikuja kuposa mwezi ilipita, akashindwa vilevile, akasema mufuko ilifungwa mubaya. Weye ulisema umekosa."

Nilifurahi mpaka nikasahau kuficha kaptula. Sikumwambia, wala mke wangu sijamwambia hadi leo, kwamba hilo la mfuko kufungwa vibaya lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Pumzi zilitosha kwa maneno mawili tu.